Hesabu ya shinikizo ikikataa: mtafute mkosaji kwenye uwiano

Umebadilisha shinikizo kutoka kizio kimoja kwenda kingine, jibu limetoka, lakini halikai. Geji inasema 6 na karatasi ya mtengenezaji inasema 0.6. Au jibu la kitabu ni 250 kPa na lako ni 2.5. Hapo wengi hufuta kila kitu na kuanza upya, kisha hulirudia kosa lilelile kwa sababu mkono umeshaizoea njia hiyo.

Tafadhali usilifute. Jibu baya ni ushahidi. Chukua namba kubwa kati ya hizo mbili, igawanye kwa ndogo, uandike uwiano pembeni. Vizio vya metriki vya shinikizo vina njia chache tu za kukosewa, na karibu kila njia ina uwiano wake: 10, 100, 1,000, 9.8, 13.6, 1.02. Ukiujua uwiano, umekaribia kumjua mkosaji.

Ila kisomo kimoja hakitoshi. Chukua viwili, kimoja cha chini na kimoja cha juu. Uwiano ukiwa uleule kwenye visomo vyote viwili, tatizo liko kwenye kizio. Uwiano ukibadilika lakini tofauti ya kutoa ikabaki ileile, tatizo liko kwenye sifuri, na hapo hakuna namba ya kuzidisha itakayokuokoa. Hilo la sifuri nitalikalia kwa muda, maana ndilo linalowapoteza hata watu wenye uzoefu.

Namba za kuwa nazo karibu ni hizi:

1 Pa (paskali) = 1 N/m² (nyutoni moja kwa mita ya mraba)
1 hPa = 1 mbar = 100 Pa
1 kPa = 10 hPa = 1,000 Pa
1 bar = 100 kPa = 100,000 Pa
1 MPa = 10 bar = 1,000 kPa = 1 N/mm²
1 kgf/cm² (huandikwa pia at; kgf ni kani ya uzito wa kilo moja) = 98,066.5 Pa
1 atm (angahewa) = 101,325 Pa
1 mmHg (milimita ya safu ya zebaki) = 133.322 Pa
1 m ya safu ya maji = 9,806.65 Pa

Na jambo moja kuhusu maneno. Vitabu vingine vya fizikia husema kanieneo, vingine shinikizo, na kwenye karakana utasikia presha. Nitaandika shinikizo, lakini neno kanieneo naliheshimu sana kwa sababu limebeba maana yake waziwazi: kani juu ya eneo. Makosa mengi utakayoyaona hapa chini yametokana na mtu kuibadilisha kani na kulisahau eneo, au kinyume chake.

Paskali moja ina uzito gani?

Kabla ya kutafuta kosa, jua kama jibu linaingia akilini. Chukua karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ile ambayo pakiti yake imeandikwa 80 g/m², uilaze mezani. Karatasi hiyo inaikandamiza meza kwa takriban 0.8 Pa. Iwe A4 au A3 ni mamoja, kwa sababu karatasi ikiongezeka uzito na eneo linaongezeka vilevile. Rimu nzima yenye karatasi 500 inafika karibu 392 Pa, hata 4 hPa haijatimia. Ili kufikisha 1 bar ungepanga rimu 255 moja juu ya nyingine, mnara wa zaidi ya mita 12.

Ukiwa na picha hiyo kichwani, anayekuambia tairi lake lina 2.2 Pa amekuambia lina uzito wa karatasi tatu. Hewa inayotuzunguka pale usawa wa bahari ina karibu 100 kPa. Maji yenye kina cha mita 10 huongeza karibu 1 bar. Tairi la gari dogo huwa kati ya 200 na 250 kPa. Mtungi wa gesi iliyobanwa mara nyingi hujazwa hadi 200 bar, yaani 20 MPa. Linganisha jibu lako na moja ya hizi kabla ya kuendelea.

Jibu limepishana mara 10 kamili

Washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni hPa na kPa. Wataalamu wa hali ya hewa walitumia milibari kwa miaka mingi, na walipohamia kwenye paskali walichagua hektopaskali ili namba zao zisibadilike: 1013 mbar ikabaki 1013 hPa. Ni uamuzi wenye busara, ila umeingiza kiambishi cha hekto ambacho sisi wengine hatukitumii kwingine mara kwa mara, na jicho likiona herufi moja mbele ya Pa hudhani ni kilo. Kwa hiyo 1013 hPa inageuka 1013 kPa, shinikizo la mtu aliye zaidi ya mita 90 chini ya maji.

Wa pili ni bar na MPa, na huyu ni hatari. Megapaskali moja ni bar 10, lakini kuna watu wanaokariri kwamba ni 100, au wanaofikiri ziko karibu sawa kwa sababu zote mbili huonekana kwenye geji za mashine kama namba ndogondogo. Mtu anaambiwa aweke 0.4 MPa, anageuza kidhibiti mpaka 0.4 bar, mashine haina nguvu, anarudi kulalamika. Huyo amekosea upande wa usalama. Aliyeambiwa 4 bar akaweka 4 MPa ameweka shinikizo mara kumi ya linalotakiwa kwenye mpira ambao haukutengenezwa kulibeba. Kama kazi yako inahusu hewa iliyobanwa, mvuke au mafuta ya haidroliki, usiguse vali mpaka umeiandika namba kwenye vizio vyote viwili, ukaisoma kwa sauti.

Angalia pia uso wa geji yenyewe. Nyingine zimeandikwa namba 1, 2, 3, 4, na chini kabisa, kwa maandishi madogo, "×100 kPa". Sindano ikiwa kwenye 3, kisomo ni 300 kPa. Asiyeona ile ×100 huandika 3 kPa, na uwiano wake utakuwa 100.

Mara 100, au mara 1,000

Hapa eneo limesahaulika. Twende na mfano. Kani ya 500 N inakandamiza bamba la 20 cm². Mtu anataka paskali, kwa hiyo anahitaji mita za mraba. Anajua mita moja ina sentimita 100, anagawanya 20 kwa 100, anapata 0.2, anagawanya 500 kwa 0.2, anaandika 2,500 Pa. Jibu sahihi ni 250,000 Pa, yaani 250 kPa. Amepungukiwa mara 100.

Mita moja ya mraba si sentimita za mraba 100. Chora mraba wenye upande wa mita moja, ugawe kwa sentimita kwa urefu na kwa upana, utapata visanduku 100 kwa 100, yaani 10,000. Kwa hiyo 20 cm² ni 0.002 m². Mtu huyohuyo angepewa eneo lile kwa milimita, 2,000 mm², na akagawanya kwa 1,000 badala ya 1,000,000, angepata 250 Pa, na uwiano wa kosa ungekuwa 1,000.

Unaona namna uwiano unavyosema? Mara 100 yenye cm² mahali fulani kwenye swali, au mara 1,000 yenye mm², ni kipeo cha mraba kilichosahaulika. Ukitaka kujiepusha kabisa na hatua hii, kumbuka mambo mawili: 1 N/cm² ni 10 kPa, na 1 N/mm² ni 1 MPa. Anayefanya hesabu za nguvu ya chuma au zege akikaa kwenye nyutoni na milimita, jibu hutoka kwenye MPa lenyewe bila kubadilishwa.

Mara 1,000 ina chanzo kingine kisichohusu fizikia: nukta na koma. Kuna nchi zinazotumia koma kwa desimali na nukta kwa kutenganisha maelfu. Hati iliyoandikwa huko "1.013 hPa" inamaanisha elfu moja na kumi na tatu, na "2,5 bar" inamaanisha mbili na nusu. Ukiona uwiano wa 1,000 na hakuna mm² popote, uliza hati imetoka wapi kabla ya kuigusa fomula.

Mara 1,000,000,000

Mara bilioni moja huogopesha mtu, lakini tiba yake ni ya sekunde moja: mPa imeandikwa mahali pa MPa. Herufi ndogo m ni mili, sehemu ya elfu. Herufi kubwa M ni mega, mara milioni. Kosa hili hupenya kirahisi kwa wanaofanya kazi na vimiminika, kwa sababu mnato hupimwa kwa mPa·s na kidole kimezoea kuandika m ndogo. K kubwa kwenye "KPa" ni kosa la maandishi tu, halipotoshi hesabu, ila nakusihi uandike kPa. Anayejali k ndogo huijali na m.

Limepishana kidogo tu: asilimia 1, 2 au 3

Hili ndilo kosa ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu linafanana na ukweli. Jibu lililokosewa mara kumi linapiga kelele. Lililokosewa kwa asilimia mbili linakaa kimya na kukutuma kutafuta matatizo ambayo hayapo.

Bar, atm na kgf/cm² ziko karibukaribu. Atm ni kubwa kuliko bar kwa asilimia 1.3. Bar ni kubwa kuliko kgf/cm² kwa karibu asilimia 2. Atm ni kubwa kuliko kgf/cm² kwa asilimia 3.3. Kwa hiyo uwiano wa 1.013, 1.020 au 1.033 unakutajia moja kwa moja ni jozi ipi imechanganywa. Na ugumu zaidi ni kwamba geji za kgf/cm² kwa kawaida huandikwa "kg/cm²" bila f, na ile kgf/cm² huitwa pia angahewa ya kiufundi na kufupishwa "at", herufi moja tu pungufu ya "atm".

Niliwahi kuwa kwenye kazi ya kupima bomba la maji. Lilikuwa limelazwa sawa, limejaa, vali zimefungwa pande zote mbili, na kila mwisho una geji nzuri. Upande mmoja 12.0, upande wa pili 11.8. Tukasema kuna mvujo. Tulifungua maungio kwa siku mbili, tukabadilisha raba ambazo hazikuwa na kosa lolote. Siku ya tatu tukashusha presha kwa sababu nyingine kabisa, na nikaandika visomo kwa mazoea: 6.0 na 5.9. Pengo lilikuwa limepungua nusu pamoja na shinikizo. Mvujo haufanyi hivyo. Na bomba lililofungwa likivuja, geji zote mbili hushuka. Nikafuta vumbi kwenye kioo cha ile geji ya kwanza na hapo, chini ya mhimili wa sindano, kwa herufi ndogo kama za kwenye kisanduku cha dawa, palikuwa pameandikwa kg/cm². Nyingine ilikuwa bar. Zidisha 12.0 kwa 0.980665 upate 11.77. Geji zote mbili zilikuwa zinasema kweli siku zote hizo.

Kabla ya kulaumu kizio, lakini, soma daraja la usahihi la geji. Daraja 2.5 lina maana kwamba geji inaruhusiwa kukosea asilimia 2.5 ya kipimo chake cha juu kabisa, popote sindano ilipo. Geji ya 0 hadi 10 bar ya daraja hilo inaweza kupungua au kuzidi 0.25 bar, na pengo la asilimia 2 linamezwa humo. Geji ya kawaida ya kujazia tairi haitakuonyesha tofauti kati ya bar na kgf/cm², na kwa tairi haina madhara. Kwa kulinganisha geji mbili au kutoa hati ya vipimo, ina madhara.

Mara 9.8, mara 13.6, mara 7.5

Uwiano wa 9.8 ni mvutano wa dunia uliosahaulika. Mzigo wa kilo 50 juu ya 0.01 m² hautoi 5,000 Pa. Unatoa 49,033 Pa, kwa sababu kilo ni tungamo na lazima uizidishe kwa 9.80665 ipate kuwa kani. Uwiano huohuo hutokea mtu anapoichukulia milimita ya safu ya maji kuwa sawa na paskali. Milimita moja ya maji ni 9.8 Pa.

Uwiano wa 13.6 ni maji na zebaki vimebadilishana nafasi. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, kwa hiyo 1 mmHg ni karibu 13.6 mm za maji.

Na 7.5 ni kPa na mmHg. Huu nimeuona ukiwatisha watu nyumbani: mashine ya kupimia shinikizo la damu inaonyesha 16 juu ya 10.7, na mwenye mashine anadhani ama imeharibika ama yeye yuko hatarini. Baadhi ya mashine hizo zina mpangilio wa kubadili kati ya mmHg na kPa, na ukiguswa bila kukusudia, 120/80 mmHg inakuwa 16.0/10.7 kPa. Ni kisomo kilekile. Irudishe mashine kwenye mmHg na upime tena, kwa sababu daktari na maelekezo yake yote yako kwenye mmHg. Usiketi ukibadilisha namba za afya kichwani.

Kwenye pampu utaona "H 40 m". Hiyo ni mita 40 za safu ya kimiminika, na kwa maji ni 392 kPa au 3.92 bar. Wengi hugawanya kwa 10 na kusema 4 bar, na kwa kuchagua pampu inatosha. Ila ukisukuma mafuta yenye msongamano wa 850 kg/m³, mita 10 zake hazitoi 98 kPa bali 83. Mita za safu hazina maana mpaka uambiwe ni safu ya kitu gani.

Uwiano haukai, tofauti ndiyo inayokaa

Una visomo viwili. Chombo cha kwanza kinasema 50 na 400 kPa. Cha pili, hapohapo, kinasema 151 na 501. Gawanya: 3.02 kwa jozi ya kwanza, 1.25 kwa jozi ya pili. Hakuna kizio kitakachokupa uwiano unaotembea namna hiyo. Sasa toa: 101 na 101. Umempata.

Chombo cha kwanza ni geji. Geji huhesabu sifuri yake kwenye hewa iliyoizunguka. Ukiifungua kwenye hewa husoma 0 ingawa hewa yenyewe ina kilopaskali kama 100. Cha pili kinapima shinikizo kamili, linaloanza kuhesabiwa kwenye ombwe, pasipo na kitu. Kwenye hati utakuta bar(g) na bar(a), au barg na bara. Kwenye mitambo ya zamani ya Ujerumani utakuta "atü" kwa geji na "ata" kwa kamili. Kanuni za SI haziruhusu kubandika herufi kwenye kizio, zinataka ueleze kwa maneno au kwa alama ya kiasi chenyewe, na mimi nakubaliana nazo, lakini bora bar(g) isiyo rasmi kuliko "bar" inayomwacha msomaji akikisia.

Kwa nini nalisisitiza? Kwa sababu kosa la sifuri haliishii kwenye kisomo, linaingia ndani ya fomula na kuiharibu. Chombo kimefungwa, geji inasoma 200 kPa kwenye nyuzi 27. Kikipashwa hadi nyuzi 57, geji itasoma ngapi? Nyuzi 27 za Selsiasi ni 300 K (kelvini, zinazohesabiwa kutoka sifuri kamili ya joto), 57 ni 330 K, kwa hiyo shinikizo linapanda kwa asilimia 10. Mwenye haraka anaandika 220. Lakini asilimia 10 ni ya shinikizo kamili: 200 jumlisha 101.3 ni 301.3; kuzidisha kwa 1.1 ni 331.4; toa 101.3, geji inasoma 230. Kosa la 10 kPa, na hapakuwa na hesabu yoyote ya kubadilisha kizio iliyokosewa.

Kuna kosa la pili linalotokana na kujifunza la kwanza vizuri mno. Mtu akishaambiwa kwamba huongezwa 101.3, huiongeza kila mahali. Kichujio kina upotevu wa 20 kPa kati ya kuingia na kutoka. Yeye anaandika 121 kPa. Hapana. Tofauti kati ya shinikizo mbili haina geji wala kamili, hewa imeshajitoa yenyewe pande zote mbili. 20 kPa ni 20 kPa, ni 200 mbar, basi.

Upande wa ombwe una mpaka unaosaidia. Geji ya ombwe ikisoma −60 kPa usawa wa bahari, shinikizo kamili ni karibu 41 kPa. Gesi haiwezi kushuka chini ya sifuri kamili, kwa hiyo ukikuta −150 kPa ya geji kwenye mfumo wa hewa, usihangaike na maana yake. Namba hiyo imekosewa mahali.

Simu inasema 846, taarifa ya hali ya hewa inasema 1015

Zote ziko kwenye hPa, kwa hiyo kizio si tatizo, na baromita ya simu yako si mbovu. Taarifa ya hali ya hewa hutoa shinikizo lililorekebishwa kana kwamba kila kituo kiko usawa wa bahari, ili ramani ya mikoa ya milima na ya pwani iweze kusomwa pamoja. Simu inakupa shinikizo la pale ulipo. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, hewa ya kawaida ina karibu 846 hPa.

Jambo hili lilijaribiwa mwaka 1648, pale Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipopanda mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na mrija wa zebaki, na safu ikawa fupi kileleni kuliko chini. Jina la Pascal lilipewa kizio chetu rasmi mwaka 1971. Unaweza kulirudia jaribio hilo kwenye ngazi za jengo: karibu na usawa wa bahari, kila mita 8 hivi unazopanda zinapunguza takriban 1 hPa, na simu yenye baromita nzuri inaliona.

Funzo la kihesabu liko hapa: aliye mita 1,500 juu anayebadilisha kisomo cha geji kuwa shinikizo kamili ajumlishe 84.6 kPa, si 101.3. Akitumia ile ya usawa wa bahari, kosa lake ni karibu 17 kPa kwenye kila kisomo, na ataliona kama tofauti isiyobadilika.

Lahajedwali limetoa namba ya ajabu

Kwa haraka. Kama seli ina "220 kPa" pamoja na herufi, kwa programu hayo ni maandishi, si namba. Weka kizio kwenye kichwa cha safu. Kama unatumia CONVERT ya Excel, fomula yake ya kubadilisha vizio, hutambua Pa, atm, mmHg, Torr na psi, na hukubali viambishi kama k, lakini herufi kubwa na ndogo zina maana. Na kuna mtego: Excel huichukulia "at" kuwa jina jingine la atm, wakati hati za mitambo zikiandika at zinamaanisha kgf/cm². 220 kPa ni atm 2.171 na ni kgf/cm² 2.243. Ukiona uwiano wa 1.033 kwenye lahajedwali, anza hapo.

Ukirudi nyuma hupati ulichoanza nacho

Ulianza na 2.3 kgf/cm². Ukabadilisha kuwa bar, ukapata 2.2555, ukaikata kuwa 2.3 kwa sababu geji ina desimali moja. Ukaendelea hadi 230 kPa. Sasa unarudi: 230 gawanya kwa 98.0665 ni 2.345. Kilichotokea ni kwamba kukata desimali katikati ya safari kuliufuta ubadilishaji wote, ukarudi kana kwamba bar na kgf/cm² ni kitu kimoja. Beba tarakimu zote mpaka mwisho, ukate mara moja tu.

Kurudi nyuma, hata hivyo, hakukamati kila kitu. Ukitumia namba mbaya kwenda na namba hiyohiyo kurudi, makosa yanafutana na unapata ulichoanza nacho, huku jibu la katikati likiwa bovu. Ukitaka kuwa na hakika, pita njia nyingine kabisa: vunja kizio kuwa kani na eneo. 2.3 kgf ni 2.3 × 9.80665, yaani 22.555 N. Sentimita moja ya mraba ni 0.0001 m². Gawanya: 225,553 Pa, au 225.6 kPa.